Sichukui Nisichopewa

Mimi ni nguva, na nimeua watu. Nasema mapema ili asiyependa aende zake, maana nimechoka na binadamu wanaosikiliza mpaka mwisho halafu wanajifanya wameshtuka. Mkia wa kwenye picha sahau. Nikiwa nchi kavu nina miguu miwili kama yako, ila ngozi ya kuanzia magotini kwenda chini hukauka na kubanduka kama rangi ya ukuta mbovu. Ndiyo maana navaa sketi ndefu, na ndiyo maana nilitafuta kazi ya maji. Nikaipata saluni.

Kazi yangu ilikuwa kuosha vichwa. Chumba cha kuoshea kilikuwa nyuma, kimetengwa kwa pazia la plastiki, na ndani mlikuwa na masinki mawili meusi yenye ukingo uliochongwa kukaa shingo, viti viwili vya kulala chali, rafu ya shampuu na beseni langu. Beseni nililiweka chini ya sinki, nikalijaza maji ya chumvi, na humo nikatumbukiza miguu kutwa. Nikiulizwa, nilisema miguu inaniwaka moto. Watu wa saluni hawana habari na miguu ya mtu, wao wanatazama kichwa. Nywele zangu zilifika kiunoni, nyeusi na nzito, na kila mteja alitaka kujua napaka mafuta gani. Wakanibandika jina la Mikono, kwa sababu, walisema, mikono yangu ilikuwa laini mpaka mtu anasinzia.

Mwenye saluni aliitwa Madamu. Alikuwa mwanamke wa mwili na wa ulimi, mcheshi kiasi kwamba mteja aliondoka anacheka wakati rangi ya nywele imemkosea. Alikuwa na msusi mmoja tuliyemwita Redio, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukiona kitufe chake cha kuzimia. Hao wawili walikaa mbele na vioo na draya. Mimi nilikaa nyuma na maji yangu na njaa yangu.

Njaa nieleze, maana ndiyo habari yenyewe. Baharini nilikuwa najichukulia tu. Anayezama anazama, hakuna wa kuombwa ruhusa. Lakini nchi kavu ina wenyewe, na huku siwezi kumchukua mtu mpaka nipewe kwa mkono: mtu mwingine amshike kichwa na kumlaza mbele yangu, au mwenyewe ajilaze akijua anajitoa. Nikimlaza mimi, huyo ni mteja. Nitampaka shampuu, nitamsugua, nitamsuuza, na ataamka ananishukuru. Akilazwa na mwingine, njaa inaamka. Hapo namwimbia kwa sauti ya chini, naingiza maji kidogo sikioni, na maji hayo yanashuka taratibu mpaka kifuani. Ikifika jioni amezama kitandani kwake, mto umelowa, nywele zimekaa vizuri. Ukitaka kusema kweli, hakuna saluni iliyozika wateja waliopendeza kama sisi.

Tatizo ni kwamba kazi ya saluni imepangwa vibaya kwa mtu kama mimi. Anayeosha ndiye anayelaza. Msusi hagusi sinki. Nikakaa na njaa, naosha visogo vya watu kutwa, na wenyewe wanasema akupaye kisogo si mwenzio. Mimi walinipa visogo vyao vyote na sikuweza kula hata kimoja.

Mpaka alipokuja hawara wa mume wa Madamu. Alikuja kwa miguu yake, hajui saluni ni ya nani. Madamu alimjua kwa picha aliyoifuma kwenye simu ya mumewe. Alimkaribisha kwa bashasha, akamwita mpenzi, akamwambia leo nakuhudumia mwenyewe, akamleta nyuma. Akamlaza kwa mikono yake, tena akambana shingo kwenye ukingo baridi wa sinki, furaha ndogo ya mtu asiye na kisu. Halafu akaniachia, akarudi mbele. Mimi nikaanza kuimba.

Kesho yake Redio aliingia na habari akiwa bado mlangoni. Mwanamke kafa kitandani, mapafu yamejaa maji, daktari kachanganyikiwa, bomba halijavuja wala dari. Madamu alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akaja nyuma, akafunga pazia. Alinitazama usoni. Nilikuwa nimenawiri, sikatai.

"Umemfanya nini yule?"

Sikumficha. Sisi nguva hatusemi uongo, hatujawahi kuuhitaji. Nilimweleza kila kitu, mpaka habari ya mikono. Nilitegemea atapiga kelele. Yeye alichukua taulo kwenye rafu, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekupa."

"Ndiyo, Madamu."

"Na nikikupa mwingine?"

"Nitashukuru."

"Mh," akasema, akaliweka taulo chini. "Na mimi miaka yote hii nilikuwa nasali tu."

Tulianza hivyo, na nilimpenda. Nalisema hili waziwazi kwa sababu mtu akikulisha unampenda, hata mbwa anajua. Alimleta wifi yake, aliyekuwa akimwita gumegume, mke asiye na faida, mbele ya wageni. Akamleta mwenye saluni ya ng'ambo ya barabara, kwa kisingizio cha kupatana. Mumewe mwenyewe alikuja siku moja macho mekundu, bado anamlilia yule hawara huku akidai ni mafua, na Madamu akamwambia pole mume wangu, njoo upumzike, Mikono akukande kichwa. Alimlaza kwa upole kuliko wote. Msibani alilia hadi akazimia, na sidhani alikuwa anaigiza. Binadamu mnaweza kufanya yote mawili kwa siku moja, mimi hilo silielewi.

Kitu msichokijua ni kwamba maadui huisha. Mtu anadhani anao wengi, kumbe ni wachache tu na kelele nyingi. Walipokwisha, Madamu hakuacha. Alimlaza mteja aliyesema rangi imemzeesha. Alimlaza mwanamke aliyekuwa akiongea na simu huku anasukwa. Alimlaza mama mmoja mpole aliyekuja mara moja tu, na nilipomuuliza yule amekukosea nini, alifikiri kidogo akasema, "Kicheko chake." Nikamla. Ladha ilikuwa ileile.

Mtu mmoja tu alibadilisha sauti ya Madamu, naye ni binti yake wa pekee, aliyeitwa Kipusa tangu utotoni na jina likamkaa. Kipusa akiingia saluni, Madamu aliacha kichwa cha mteja nusu na kwenda kumuuliza kama amekula. Alimtazama mtoto yule kama mtu anayetazama mlango wake mwenyewe baada ya safari ndefu. Kama Madamu alikuwa na roho, ilikuwa inatembea nje ya mwili wake, inavaa viatu vya mchuchumio na kutafuna bigijii.

Kipusa akapata mchumba. Siku ile ile Madamu alikuja nyuma akakaa kwenye kiti cha pili.

"Mikono, tusimame. Mpaka harusi ipite. Sitaki mkosi kwenye shughuli ya mwanangu."

"Kusimama ni kwako. Mimi sichukui nisichopewa."

"Na yeye? Atataka umwoshe, tangu uje haoshwi na mtu mwingine."

"Nitamlaza mwenyewe. Nikimlaza mwenyewe ni mteja."

Aliniapisha mara mbili, nikaapa zote mbili. Akaondoka ameridhika. Mimi nikabaki na njaa, na harusi za binadamu mnavyozijua, zinasogezwa mbele mara ukumbi, mara shela, mara mjomba hajafika. Ngozi ya miguu ikaanza kuelea kwenye beseni vipandevipande. Sauti ikanikauka. Nikamchukia Madamu. Mtu akuzoeshe kula halafu akufungie jiko na kukaa upande wa pili anachagua maua, utampenda? Mimi nilishindwa.

Asubuhi ya harusi saluni ilifungwa kwa wateja. Walikuwepo bibi harusi, Redio aliyekuwa anapiga pasi shela, Madamu, na mama yake Madamu, ambaye wote tulimwita Bibi. Bibi alikaa kwenye benchi karibu na pazia, mkoba mapajani, kitambaa kichwani. Mama huyu ndiye aliyeuza cherehani yake ili binti yake anunue draya ya kwanza, akaanza kushona kwa mkono, mpaka macho yakamchoka. Pamoja na hayo hakuwahi kuoshwa nywele pale hata mara moja. Alisema zake zimebaki chache, haoni sababu ya kuziaibisha mbele za watu. Wote walimpigia kelele wakiongea naye, kama inavyofanywa kwa wazee.

Kipusa akaja nyuma anacheka. "Anti Mikono, leo nioshe kama malkia."

Madamu alisimama penye pazia, mikono kifuani. "Mlaze wewe mwenyewe," akaniambia.

"Kama kawaida, Madamu."

Nikamlaza mwenyewe. Sikuvunja kiapo. Ila nilimlaza upande kidogo, kidogo sana, shingo ikakosa mahali pake na kisogo kikaning'inia. Nikafungua maji. Mwoshaji mzuri anaijua shingo kwa vidole tu, akiwa amefumba macho. Mimi ni mwoshaji mzuri.

"Aa, shingo," Kipusa akasema. "Inaniuma."

Sikujisogeza. Nilikuwa nimeshika bomba. Na Madamu, aliyeniapisha mara mbili, aliyezika mume bila kukosea hatua hata moja, alisikia mwanawe anasema inaniuma, na mwili wake ukaja wenyewe. Alikunja taulo akitembea. Akamwinua mtoto kichwa kwa mkono mmoja, akaweka taulo kwa mwingine, akamlaza tena kwa mikono yote miwili, taratibu, na akampangusa povu kwenye paji la uso.

"Hapo je?"

"Hapo ndipo, mama. Asante."

Njaa ikaamka. Nikaimba. Kipusa akafumba macho, maji yakaingia sikioni, uso wake ukalegea kwa usingizi. Madamu alikuwa bado amemshika. Alisikia wimbo ndipo akajua. Nilimwona anaitazama mikono yake kama si yake.

"Acha," akanong'ona. "Mikono, acha. Hukupewa."

"Nimepewa. Na mtu mwenye haki kuliko wote."

"Nilikuwa namweka sawa tu!"

"Mchuma janga hula na wa kwao. Si mnasema wenyewe?"

Alinishika koo. Ana nguvu, lakini koo langu halibanwi, nimekaa chini kabisa baharini, mahali ambapo maji yanabana kuliko mkono wa mtu. Akaliachia mwenyewe. Akapiga magoti, magoti yake yakaingia kwenye beseni langu, na akaanza kuniita majina mazuri: dada, mama, malaika. Nilifurahi. Sitasema sikufurahi.

"Maji hayajashuka," nikamwambia. "Bado yapo sikioni. Naweza kuyatoa. Lakini njaa ikishaamka hailali tupu. Nikimwachia huyu lazima niwe na mwingine, sasa hivi, kabla hajainuka hapa."

Nikamtazama. Kiti cha pili kilikuwa pale pale karibu naye, kitupu, na taulo safi limetandikwa kwenye ukingo wa sinki. Mimi nilikuwa na hakika. Nimeona mama wa nyangumi wakijipeleka kwenye meno ya papa ili watoto wao wapone. Nikasogeza beseni ili apate njia.

"Nani?" akauliza Madamu.

Aliinuka, akafungua pazia kwa kidole, akachungulia mbele. Redio alikuwa anapitisha pasi kwenye shela akimsimulia Bibi habari za ndoa ya mtu mwingine iliyovunjika. Madamu aliwatazama wote wawili, na midomo yake ilikuwa inacheza kama ya mtu anayepanga wageni kwenye meza.

"Redio hapana," akasema. "Redio ndiye anayejua kufunga shela."

Macho yake yakahamia kwenye benchi.

"Mama amekula chumvi nyingi. Amemwona mjukuu mpaka anaolewa. Wangapi wanapata hiyo?" Aliniuliza mimi, kama nina jibu. Halafu akajipangusa uso kwa mkono wa gauni, akavaa ule uso wake wa wateja, akatoka. "Mama! Njoo nikuoshe nywele! Leo ni siku ya mjukuu wako, huwezi kwenda hivyo!"

"Nywele zenyewe ziko wapi, mwanangu? Mtaosha fuvu."

"Njoo bwana, mama. Usinikatalie leo."

Bibi akaja. Aliuweka mkoba chini, akautazama tena kama uko salama, akakaa kwenye kiti cha pili. Alimtazama Kipusa aliyelala upande wa pili anatabasamu usingizini, akamtazama muda mrefu. Kisha akafungua kitambaa. Kweli zilikuwa chache, nyeupe, nyepesi, na aliziwekea mkono juu kwa aibu.

"Mbona mikono yako inatetemeka?" akamuuliza binti yake.

"Furaha, mama."

"Haya."

Madamu akamshika kisogo akamlaza. Nikayatoa maji ya Kipusa kwa kiganja, tone kwa tone, nikayapeleka upande wa pili, nikaimba. Bibi hakufumba macho. Alinitazama wimbo wote, na mimi, ambaye nimetazamwa na watu wanaozama tangu sijui lini, niliangalia pembeni. Nilipomaliza nikamchana zile nywele nikazipangusa kwa taulo, kazi safi kabisa. Akasema, "Mungu akulipe, mwanangu," na hakuwa anasema na mimi.

Harusi ilikuwa nzuri. Nasema hivyo kwa sababu kila mtu alisema hivyo. Baba wa bibi harusi alikuwa amefariki, nami najua alivyofariki, kwa hiyo Kipusa aliomba aingizwe ukumbini na bibi yake. Wakaingia wameshikana mikono, Bibi kichwa wazi, hakutaka tena kitambaa, watu wote wakisema tazama bibi alivyopendeza. Alikuwa anapumua kwa shida kufikia katikati ya ukumbi. Alificha kwa kutembea polepole, na watu wakadhani ni heshima.

Mimi nilialikwa. Nilikaa meza ya nyuma na Redio, nimeshiba, na kwa mara ya kwanza shibe ilinikaa vibaya. Madamu alizunguka na wageni, akacheka, akaonja keki, hakukaribia upande aliokaa mama yake mpaka wakati wa picha za familia ulipofika na mpiga picha akamwita kwa jina. Nilisimama karibu, mimi nilipewa kazi ya kushika mkia wa shela. Ndiyo maana nilisikia.

Bibi alikuwa amekalishwa kiti katikati. Kipusa alimpigia magoti upande mmoja, anamnywesha maji kwa glasi ili kikohozi kitulie. Madamu alisimama upande wa pili. Bibi aliisukuma glasi kwa upole, akamvuta binti yake kwa mkono mpaka sikio likafika mdomoni.

"Nilisikia, mwanangu," akasema. "Lile pazia ni plastiki."

Madamu akamtupia Kipusa jicho, kuona kama amesikia.

"Ungeniambia tu. Kwa mtoto huyu ningelala mwenyewe, wala usingenishika kichwa." Akakohoa, akapangusa mdomo kwa leso, leso ikalowa. "Kunidanganya ndiko kulikoniuma. Furaha, umeniambia. Furaha."

Nilimwona Madamu anaanza kushuka, mkono unatafuta kitu cha kushika. Bibi alimshika kiwiko akamzuia. Sijui nguvu aliitoa wapi.

"Simama," akamwambia. "Wanapiga picha. Cheka."

Madamu akasimama. Akacheka, meno yote nje, na Kipusa akacheka, na mpiga picha akatuomba tumtulize bibi kidogo, kwa sababu alikuwa anatikisika.